Nilisema Yuko, na Hakuwepo

"Mama, niambie ukweli. Kioko yuko ama hayuko?"

"Yuko," nikasema. "Ako juu kwa mzee."

Hilo ndilo kosa langu. Nililisema nikiwa nimeshika trei ya vikombe, macho makavu, na mdogo wangu Ndinda alikuwa chini getini kwenye benchi la mlinzi, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Bwana Kioko hakuwa juu kwa mzee mwenye kampuni. Hata Industrial Area hakuwa. Na mimi nilijua.

Nimekosa, jamani. Nalisema hapa kwa sababu nyumbani hakuna wa kunisikiliza tena.

Jina langu sitalitaja, maana mama yangu bado yuko hai na hilo jina ni lake pia. Lakini ya wengine nitayataja. Nimechoka kuwafichia watu. Mimi shule niliachia darasa la saba, Kiswahili changu nimekiokota kazini na kanisani, kwa hivyo mtu asianze kunisahihisha. Anisikilize tu.

Nilikuwa mama chai. Kiwanda chetu, huko Industrial Area, Nairobi, kilikuwa cha kupakia sabuni ya unga. Ofisi iko juu, ina dirisha kubwa la kioo, na wakubwa wakisimama hapo wanaangalia vibarua huko chini vile mtu anaangalia kuku wake. Kazi yangu ilikuwa kupika chai, kuosha vikombe, kupanguza meza na kunyamaza. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoiweza kuliko zote.

Kilichoniharibu ni meza ya mapokezi.

Ilikuwa pale mlangoni, na simu, na kiti cha kuzunguka, na maua ya plastiki. Asubuhi kabla watu hawajaingia nilikuwa naikalia. Naweka mkono juu ya simu, nasema polepole, "Habari ya asubuhi, nikusaidie vipi?" Nikisikia viatu kwenye ngazi naruka, nashika kitambaa, napanguza. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wakubwa, nacheza ofisi kama mtoto anacheza kalongo!

Kule Umoja ninakokaa, majirani waliniita Madam. Sikuwakataza. Natoka kwa ploti na viatu vya kisigino na mkoba, nanukia mafuta mazuri, na mama mboga ananiambia, "Madam, leo ofisi mtachelewa." Nikifika kazini naingia jikoni, navua vile viatu, navaa malapa na eproni. Kuna mwaka mmoja mchungaji wetu alisimama akatoa unabii kwamba kuna mtu hapa ndani atakalia kiti ambacho hakukisomea. Niliitikia amina mpaka sauti ikakauka. Nilijua ni mimi. Sasa mchungaji naye angeniambia kitu kingine gani, na ndivyo nilitaka kusikia.

Basi Bwana Kioko akauona huo ugonjwa wangu.

Kioko alikuwa meneja wa wafanyakazi. Mtu wa kwetu, wa Machakos, kwao na kwetu ni mto tu umetutenganisha. Alikuwa ananisalimia kwa Kikamba mbele ya watu. Ukiwa mama chai, na mkubwa anakusalimia kwa lugha ya mama yako mbele ya watu wenye digrii, huyo mtu unaweza kumfanyia chochote. Na mimi nilimfanyia.

Kioko alikuwa anajenga. Alinunua moja ya zile nyumba za zamani za Umoja, za chini, akawa anaipandisha ghorofa moja baada ya nyingine, vyumba vya kukodisha. Na mafundi mnawajua. Usiposimama hapo, simiti inaanza kutembea yenyewe. Kwa hivyo asubuhi anakuja kazini kama watu wote, anatundika koti kwenye kiti, anafungua faili, anaweka miwani juu yake, anakunywa chai nusu kikombe, halafu anashuka na ngazi ya nyuma, kule lori zinapopakia. Huyo ameenda Umoja. Siku nyingine anarudi saa za chakula, siku nyingine jioni. Koti linabaki kazini.

Najua unacheka, kwa sababu hata ofisini kwenu koti kama hilo liko. Lakini koti peke yake halidanganyi mtu siku nzima. Lazima kuwe na mtu wa kulisaidia. Huyo mtu nilikuwa mimi. Niliingia kila mara na chai mpya, ili mtu akichungulia aone mvuke. Ile iliyopoa naenda kuinywa jikoni. Nasogeza miwani. Nafunua ukurasa mwingine wa faili. Mwenye kampuni, yule mzee, akiuliza, nasema ameenda msalani, ama ameshuka stoo, ama ndiyo mmepishana kwenye ngazi. Halafu nampigia Kioko simu, na kabla mzee hajamaliza shughuli zake, huyo Kioko anatokea anapangusa paji la uso kama mtu aliyefanya kazi sana.

"Mtaka cha mvunguni huinama," aliniambia. "Wewe inama tu, mama. Ile meza ya mapokezi naiona na jina lako."

Niliinama. Niliinama mpaka nikasahau kusimama.

Sasa nieleze habari ya geti, maana bila hiyo hutaelewa nilifanya nini.

Pale kwetu kibarua akishaingia zamu, hatoki mpaka zamu iishe. Akitaka kutoka, aumwe, afiwe, lazima awe na kibali cha geti, kikaratasi kidogo kimetiwa sahihi na Kioko. Kioko asipokuwepo, msaidizi wake anaweza kutia. Msaidizi alikuwa dada anaitwa Akinyi. Lakini Kioko akiwa ndani ya jengo, Akinyi haruhusiwi kugusa hiyo kalamu. Kuna siku alijaribu, akamruhusu kijana mmoja kwenda mazishi, na Kioko alimtukana mbele ya ofisi nzima, akamuuliza kama anataka kumpimia kiti akiwa bado amekikalia. Tangu siku hiyo, Akinyi kabla hajashika kalamu anakuja jikoni kuniuliza. Kwa sababu anayejua mkubwa yuko ama hayuko ni mama chai.

Na Kioko alikuwa ameniambia juu ya Akinyi. "Huyo anatafuta kazi yangu. Siku atajua sipo, ataenda moja kwa moja kwa mzee. Mimi nikianguka, wewe unaanguka na meza yako."

Ndinda nilimleta mimi pale kiwandani. Ni kitinda mimba wetu, mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akienda shambani. Alikuwa anaishi Pipeline na mume wake, ghorofa ya juu kabisa ambapo maji hayafiki, na ndoa yao ilikuwa imekaa miaka mingi bila mtoto. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kuongea. Halafu Mungu akamkumbuka, Ndinda akashika mimba. Aliniambia tukiwa jikoni kwangu na tulilia sisi wawili kama watu waliofiwa.

Lakini kibarua mwenye tumbo hachaguliwi getini asubuhi. Msimamizi anamruka kama hamuoni. Kwa hivyo nilimtafutia Ndinda ovaroli ya mwanamume, kubwa, nikamwambia avae hiyo, ajifunge leso ndani, avumilie mpaka mwezi wa mwisho. Ushauri wangu ulikuwa huo. Mimi mwenye akili za ofisi.

Wiki ile, msichana wa mapokezi alikuwa anaondoka. Anaolewa Mombasa. Kioko aliniita, akafunga mlango, akaniambia, "Jumatatu unakaa pale. Nimeshaongea na mzee. Wiki hii tu usiniangushe."

Nilienda nikanunua blauzi.

Siku yenyewe Kioko aliondoka mapema kuliko kawaida kwa sababu Umoja walikuwa wanamwaga konkriti ya ghorofa ya juu. Nikaanza kazi yangu ya koti. Kabla ya chai ya saa nne, Ndinda akaja juu. Vibarua hawaruhusiwi kupanda kule, lakini alipanda, akasimama kwa mlango wa jikoni, uso umepauka na ile poda ya sabuni.

Akaniita vile tunaitana kwetu. "Mwiitu wa mwaitu," binti wa mama yangu. "Nataka kwenda hospitali. Hili si tumbo la kawaida."

Nikamuuliza kama ni uchungu. Akasema ni mapema mno kuwa uchungu, na ni kama kitu kimekatika ndani, na anaona ukungu.

Ningemfanya nini mtu kama huyo? Wewe ungemfanya nini? Ungemshika mkono, mngeenda kwa Akinyi, ungesema Kioko hayuko, mpe kibali. Kwisha. Ni maneno ya kusemwa kabla chai haijachemka.

Mimi nilimpa maji. Nikamwambia ashuke polepole, akae kwa benchi ya Barasa mlinzi, mimi nitamaliza mambo huku juu. Alishuka ameshika ukuta.

Nikampigia Kioko. Hakushika. Nikapiga tena na tena mpaka akashika, na nyuma yake nikasikia mashine ya konkriti na watu wanapigiana kelele. Nikamwambia ni mdogo wangu, ni mjamzito, hali si nzuri.

"Mjamzito? Nani aliajiri mjamzito?" Halafu akapunguza sauti. "Sikiliza, mama. Nikiacha hawa watu saa hii, hii kitu itapasuka. Mwambie angoje, nakuja. Na Akinyi usimwambie chochote. Akikuuliza, niko."

Nikasema, "Sawa, Bwana Kioko."

Sawa! Huo mdomo ungeoza.

Nilienda dirishani. Pale juu unaona mpaka geti. Nilimwona Ndinda amesimama anaongea na Barasa, na Barasa anatikisa kichwa. Baadaye walinieleza Barasa alivyomwambia. Alimwambia, "Siz, mimi sina roho mbaya. Lakini nikikufungulia bila karatasi, kesho mimi ndiye niko nje na watoto wangu." Akampa nafasi kwenye benchi na akamfunika na koti lake la mvua. Barasa nimemsamehe. Barasa alikuwa anaogopa njaa. Mimi nilikuwa naogopa kukosa kiti cha kuzunguka.

Ndipo Akinyi akaja jikoni. Alikuwa ameona kuna kibarua anangoja getini. Hakujua ni mdogo wangu, na mimi sikumwambia. Aliniuliza lile swali nililoanza nalo hapa juu. Aliliuliza vizuri, kwa heshima. Mimi nikasikia mtego. Nikasikia ni mtu anatafuta kazi ya mwingine. Niliangalia ule uso wake, nikaona Jumatatu yangu inaondoka.

"Yuko. Ako juu kwa mzee."

"Basi akishuka mwambie kuna mtu getini," akasema, na akarudi mezani kwake.

Na unajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilipeleka chai mpya kwa meza ya Kioko. Ikamwagika kwenye sahani, nikapanguza.

Sijui ilichukua muda gani. Nilisikia Barasa akipiga kelele chini, na sikuwahi kumsikia Barasa akipiga kelele. Nilipofika dirishani Akinyi alikuwa ameshashuka, anakimbia bila viatu, ameviacha kwenye ngazi. Ndinda alikuwa ameanguka chini. Ile ovaroli ilikuwa ya rangi ya samawati, lakini kuanzia kiunoni haikuwa samawati tena.

Akinyi hakutafuta kalamu. Alimwambia Barasa, "Fungua," na geti likafunguliwa. Lilikuwa rahisi hivyo. Walimbeba na pikapu ya kampuni, Akinyi akakaa nyuma ameshika kichwa chake mapajani. Mimi nilishuka na eproni yangu, nikawakuta wanatoka getini. Sikupata hata kupanda.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa mzima, amekamilika vidole vyote, lakini hakulia. Na kizazi walikitoa, kwa sababu damu ilikataa kusimama. Daktari alituambia kwenye korido, mimi na mume wake na mama aliyekuwa amefika kutoka nyumbani, kwamba tungemleta mapema kidogo mambo yangekuwa mengine. Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anasema mvua itanyesha. Mume wake akageuka ukutani. Mama akaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliye na watu ofisini.

Unadhani nimemaliza kukiri? Bado. Kilicho kibaya zaidi ndicho hiki.

Siku ile ile, kabla mimi sijaenda hospitali, Akinyi alirudi kutoka huko, nguo yake bado na damu, alienda moja kwa moja kwa ofisi ya Kioko. Akaona koti. Akashika kikombe, kimejaa, chai haijanywewa. Akanigeukia. "Mama, uliniambia yuko." Nikashika kitambaa, nikapanguza meza. Na yeye akaenda kwa mzee.

Siku iliyofuata mzee alituita. Kioko, Akinyi, mimi. Mimi sijawahi kukaa kwenye kile chumba, nilikuwa naingia na trei natoka. Kabla hatujaingia Kioko alinivuta kando kwenye ngazi, akaniambia kwa Kikamba, polepole kabisa, "Nifunike leo tu. Jumatatu unakaa kwa meza yako. Mdogo wako tutamsaidia, si ni mtoto wetu sote?"

Ndani Kioko akasema alikuwa nje kwa shughuli za kampuni, anafuatilia mambo ya vibarua, na kwamba alimwambia mama chai aarifu watu kuwa ametoka. Mzee akanigeukia. Ni mtu mzee, anaongea kwa upole.

Akaniuliza, "Mama, nani alikwambia useme yuko?"

Mlango ulikuwa wazi, msomaji. Mungu mwenyewe alikuwa ameushika. Ndinda alikuwa wodini na matiti yamejaa maziwa ya mtoto asiyekuwepo. Akinyi alikuwa ananiangalia. Ningesema jina moja.

Nikasema, "Hakuna mtu. Ni mimi nilichanganyikiwa."

Akinyi alifunga macho. Mzee akaandika kitu, akashukuru watu, tukatoka. Ikaisha. Kwa ile kampuni, mpaka leo unaposoma haya, aliyemfungia Ndinda geti ni mama chai aliyechanganyikiwa.

Jumatatu nilivaa ile blauzi. Nilienda na nikakuta msichana amekaa pale mapokezi, anajifunza simu. Mtoto wa dada yake Kioko. Kioko akanipita kana kwamba mimi ni ndoo ya kupigia deki. Kufika saa za chakula nikapewa barua kwamba kampuni haiwezi kukaa na mtu anayedanganya. Nilimfuata hadi kwa mlango wake, nikamwambia, Bwana Kioko, tulikubaliana. Akaniangalia na ile miwani.

"Kwani mimi ndiye nilikutuma uue mtoto wa mdogo wako?"

Hayo maneno nalala nayo. Na nusu yake ni kweli.

Akinyi aliacha kazi mwenyewe, sijui yuko wapi. Ukisoma haya, dada, nisamehe. Ulikuwa unauliza swali tu. Kioko alipandishwa cheo. Nyumba yake Umoja imekamilika, imepakwa rangi, wapangaji wameingia, na siwezi kwenda dukani bila kuiona.

Mimi nafulia watu nguo kule Pipeline, chini ya zile ghorofa ndefu, na nikiinua macho naona kamba ya nguo ya Ndinda. Nguo za watu wazima tu. Tukikutana kwenye maji ananisalimia, hana matusi. Ananiita mama chai. Mama yangu naye hanifukuzi, nikienda ananipa kiti na chakula, halafu anaenda kukaa nje mpaka nimalize. Watoto wangu wananiambia nisahau. Nisahau nini? Kuna asubuhi naamka sioni sababu ya kuweka mguu chini. Naweka kwa sababu kuna nguo za watu zimelowekwa.

Wewe unayefanya kazi ofisini, unayemwekea mkubwa wako mvuke kwenye kikombe, nakuomba. Kutaka cheo si dhambi. Hata mimi sikukosea kutaka kukaa. Lakini mtu akikuahidi kiti, muulize kwanza nani atasimama ndio wewe ukae. Na wakikuambia wewe ni mtu wa kwetu, angalia kama waliwahi kukuambia hivyo siku ambayo hawakuhitaji kitu. Mimi niliuza damu yangu kwa meza, na meza yenyewe sikupewa.

Sasa nasema mbele ya watu yale niliyopaswa kusema kwenye kile chumba. Mzee, sikuchanganyikiwa. Ni Kioko aliniambia niseme yuko. Aliniambia kwa simu, wakati Ndinda yuko getini, na nilishamwambia hali si nzuri. Niite tena uniulize, nitajibu, na yeye awepo asikie.

Na wewe, Bwana Kioko. Mimi nimejibu ya kwangu, na nitaendelea kuyajibu mpaka nizikwe. Njia ya kwenda kwa mama yangu unaijua, ni kuvuka mto tu. Nenda ukae mbele ya huyo mzee mwanamke, uvue hiyo miwani, na umwambie kwa lugha yake, maana unaiweza vizuri. Binti yake alikuwa getini anavuja damu, anangoja sahihi yako. Ulikuwa wapi?